AFYA YA JAMAA: Kisu cha Mganga ni Nusu ya Dawa



Juma hili tunajibu barua ya kijana mmoja wa shule ya sekondari. Hatutaji jina lake wala misioni yake, kwa maana mambo ya mwili wa mtu ni siri yake. Lakini swali lake ni swali la vijana wengi, tena la wazazi wengi. Basi tulijibu hapa mbele ya wote.

Anaandika kwamba miezi miwili iliyopita alikuwa akicheza mpira Dominika alasiri. Alikimbia, akasimama ghafula ili ageuke na mpira. Unyayo ulibaki umeshika ardhini, mwili ukageuka, na ndani ya goti akasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Hakuna aliyempiga. Kabla ya jua kutua goti lilikuwa limevimba kama boga dogo. Baada ya majuma matatu uvimbe ulipungua, naye akarudi uwanjani. Lakini goti lilimwachia, akaanguka peke yake. Jambo hilo limempata mara tatu sasa. Nyumbani, mama anataka kumpeleka kwa mzee anayekanda na kuunga mifupa. Kapteni wa timu anamwambia afunge bendeji, acheze mashindano, kisha atapumzika. Mjomba wake amesikia kwamba mjini kuna waganga wanaopasua magoti, na watu wakarudi kucheza. Kijana anauliza: "Nifuate shauri la nani? Je, nikipasuliwa nitapona upesi?"

Mwanangu, katika swali lako limo neno moja ambalo yatupasa kuliangalia kwanza, nalo ni "upesi". Neno hilo limewaharibia vijana magoti mengi kuliko mateke ya wapinzani wao. Tusome pamoja, polepole, nawe mwisho utaona ni shauri gani la kufuata.

Goti limeumbwaje?

Goti ni mahali panapokutana mfupa wa paja na muundi, yaani mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti. Mifupa hiyo haikuchongwa kuingiana kama ufunguo na kufuli. Ncha ya paja ni ya mviringo, na kichwa cha muundi ni karibu bapa. Kinachoishika pamoja ni kano, yaani kamba ngumu zenye nguvu nyingi. Kano mbili ziko ubavuni, moja upande wa ndani na moja upande wa nje. Nyingine mbili ziko katikati kabisa ya goti, nazo hupishana. Kwa sababu hiyo waganga wa zamani walizipa jina la kano za msalaba. Ile ya mbele huuzuia muundi usiteleze mbele wala kuzunguka kupita kiasi. Hiyo ndiyo hukatika mara kwa mara katika michezo ya kukimbia na kugeuka, na mara nyingi hukatika bila mtu kuguswa na mwenzake.

Tena, kati ya mifupa hiyo miwili mna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga. Jina lake la kitaalamu, meniski, limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni mwezi mdogo. Kazi yake ni kama ya ngata ambayo mama huiweka kichwani chini ya mtungi: huugawanya uzito, usikandamize mahali pamoja. Ngata ikiondolewa, mtungi huumiza kichwa. Meniski ikiondolewa, mfupa husaga mfupa.

Sasa tazama dalili zako. Mlio ndani ya goti, uvimbe mkubwa katika saa chache tu, kisha goti kumwachia mtu anapogeuka: hizo ni dalili ambazo humfanya mganga aifikirie kwanza ile kano ya msalaba ya mbele. Uvimbe wa upesi namna hiyo kwa kawaida ni damu. Goti likivimba polepole, pengine siku ya pili, au likikwama lisinyooke kabisa, mganga huifikiria meniski. Mara nyingi mambo hayo mawili huja pamoja. Lakini hatuwezi kumpima mtu kwa barua. Mganga humlaza mgonjwa, hulikunja goti kidogo, hushika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono wa pili, kisha huuvuta muundi mbele. Kano ikiwa nzima, atausikia muundi ukizuiwa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kano ikiwa imekatika, muundi huja tu. Picha ya radiografi huonyesha mifupa, wala haizionyeshi kano. Mashine kubwa ya sumaku huzionyesha, lakini haipatikani kila mji. Kwa hiyo mikono ya mganga mwenye ujuzi bado ina thamani kubwa.

Siku za kwanza

Kabla ya kusema habari za kisu, tuseme neno juu ya siku za kwanza, kwa maana hapo ndipo jamaa nyingi hukosea. Mtu akiumia goti au kifundo cha mguu, mchezo wake umekwisha siku ile. Alazwe, mguu uinuliwe juu ya mto au mkeka uliokunjwa. Kitambaa kilicholowa maji baridi kiwekwe kwa muda wa dakika 15 au 20, na kurudiwa mara kadhaa kwa siku. Bendeji ifungwe ya kubana kiasi, isizuie damu. Asikandwe kwa maji ya moto siku hizo, wala asinyooshwe kwa nguvu.

Hapa mama atauliza: Je, na yule mzee wetu? Mama, hatumdharau. Wako wazee wenye mikono mizuri, waliosaidia watu wengi kabla hospitali haijafika karibu. Lakini kano ya msalaba imefichika katikati ya goti, wala hakuna kidole kinachoweza kuigusa kutoka nje. Kulivuta goti lenye damu ndani yake ni kuongeza jeraha. Mzee mwenye hekima atakuambia yeye mwenyewe: hii si kazi yangu.

Tena ziko hatari ambazo haziwezi kungoja hata kesho. Goti likitoka mahali pake, na unyayo ukawa baridi, au rangi yake ikageuka, au mtu asisikie akiguswa vidoleni, yamkini mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti umeumia. Mgonjwa afikishwe kwa mganga mpasuaji katika saa chache, la sivyo mguu wote waweza kupotea. Mfupa ukitokeza katika jeraha, ni vivyo hivyo. Goti likiwa la moto pamoja na homa kali, twende hospitali siku ile ile, kwa sababu usaha ndani ya goti hula gegedu upesi. Na mtoto au kijana akilalamika maumivu karibu na goti yanayomwamsha usiku, au uvimbe unaokua juma kwa juma, tusiseme tu "ni mpira". Uko ugonjwa mbaya wa mifupa unaopenda mahali hapo na umri huo, na wazazi wengi huchelewa kwa kuusingizia mchezo.

Kazi ya kisu

Sasa twende kwa shauri la mjomba. Ni kweli kwamba waganga hupasua magoti, na kazi hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1883, katika mji wa Edinburgh, mganga Thomas Annandale alifungua goti la mchimba madini akaishona meniski iliyochanika. Mwaka 1895, huko Leeds katika Uingereza, mganga Arthur Mayo Robson alizishona kano zote mbili za msalaba za mtu mwingine, naye pia mchimba madini. Wasomaji wetu wa Katanga wataelewa bila kuelezwa kwa nini goti la mchimba madini ni mkate wa jamaa yake.

Lakini waganga walijifunza mambo mawili kwa taabu. La kwanza ni hili: kano ya msalaba ya mbele ikikatika, mara nyingi haishikani vizuri kwa kushonwa tu, kwa maana inaogelea katika maji ya goti, na damu ambayo ingeunganisha ncha zake huoshwa. Kwa hiyo mganga Ernest Hey Groves wa Bristol aliandika mwaka 1917 juu ya njia nyingine, yaani kutengeneza kano mpya kwa nyama ngumu iliyotolewa mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Njia hiyo imesahihishwa mara nyingi, lakini msingi wake ni ule ule hata leo.

La pili ni juu ya meniski. Kwa miaka mingi, meniski ikichanika, waganga waliitoa yote, wakidhani haina kazi kubwa. Mwaka 1948 mganga Fairbank alionyesha katika picha za radiografi kwamba magoti yaliyoondolewa meniski yalianza kubadilika. Ngata ilikuwa imetupwa, na mtungi ukaanza kuumiza. Siku hizi mganga mwema hujitahidi kuihifadhi. Sehemu ya nje ya meniski ina mishipa ya damu, nayo yaweza kushonwa ikapona. Sehemu ya ndani haina damu, na mara nyingi haiponi. Hapo hukatwa kipande kilichochanika tu, kidogo iwezekanavyo.

Kazi hiyo yote sasa yaweza kufanywa bila kulifungua goti lote. Huko Tokyo, mganga Masaki Watanabe alitengeneza mwanzi mwembamba wenye taa na kioo, uingizwao gotini kwa tundu dogo. Mwaka 1962 aliutumia kukata kipande cha meniski cha kijana wa miaka 17 aliyeumia katika mpira wa kikapu. Chombo hicho kinaitwa atroskopi. Leo mganga hutazama ndani ya goti katika kioo kama cha televisheni, na kwa tundu la pili huingiza mkasi au sindano.

Kano mpya hutengenezwa hivi. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, au sindano ya mgongoni inayoifisha ganzi miguu. Mganga huchukua kipande cha kano iliyo mbele chini ya pia ya goti, au kano nyembamba za nyuma ya paja, au sehemu ya kano iliyo juu ya pia ya goti. Kisha hutoboa njia katika muundi, na nyingine katika mfupa wa paja, mahali pale pale ambapo kano ya kwanza ilikuwa imeshika. Kano mpya huvutwa ikapita katika njia hizo, nayo hufungwa kwa skurubu au kifungo kidogo cha chuma. Kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, mganga huchukua hadhari kubwa, kwa maana karibu na goti ndipo mifupa inaporefuka, na tundu lililotobolewa vibaya laweza kuupinda mguu.

Kwa nini kisu ni nusu tu?

Sasa, mwanangu, sikiliza vizuri. Siku unapotoka hospitali, kano yako mpya imefungwa imara, lakini haijawa hai. Ni kama mche uliohamishwa kutoka kitaluni. Mkulima ameupanda vizuri na kuufunga kijiti; lakini ukiuvuta kesho, utang'oka, kwa maana haujatia mizizi. Kano nayo hungoja mishipa ya damu iingie ndani yake na mfupa uishike. Tena hutukia jambo la kushangaza: katika miezi ya kwanza, wakati mishipa hiyo inapoingia, kano hulegea kwanza kabla ya kupata nguvu. Wakati huo huo uvimbe umekwisha, maumivu yamekwisha, na kijana anajiona amepona. Hapo ndipo wengi huikata mara ya pili.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2016 ilitolewa habari ya wachezaji 106 waliotengenezewa kano hii, wakafuatiwa kwa miaka miwili. Ilionekana kwamba kila mwezi waliongoja kabla ya kurudi katika mchezo, hadi mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Hesabu mwenyewe. Miezi 9 ni muda ambao mama hubeba mimba. Ni mrefu, lakini hakuna mama anayemzaa mtoto mwezi wa tano ili awahi sikukuu.

Na katika miezi hiyo mgonjwa halali tu. Siku za kwanza hujifunza kulinyoosha goti kabisa, kwa maana goti linalobaki limekunjwa humfanya mtu achechemee maisha yake yote. Kisha hulikunja zaidi na zaidi. Huziimarisha nyama za paja, ambazo hunyauka upesi mguu usipotumika. Baadaye hutembea sana, huendesha baiskeli, hukimbia moja kwa moja. Na mwisho kabisa huruka na kugeuka. Haikulazimu kuwa na mashine za bei kubwa. Kiti cha nyumbani, ngazi ya kanisa, mfuko wenye mchanga uliofungwa kifundoni: kwa vitu hivyo, na kwa maelezo ya muuguzi anayejua kazi hiyo, mguu waweza kurudishiwa nguvu. Kinachokosekana mara nyingi si chombo, bali ni uvumilivu.

Tena kuna neno ambalo litakufurahisha wewe na baba yako, anayefikiri juu ya gharama. Si kila kano iliyokatika inayohitaji kisu. Huko Sweden vijana 121 wapenda michezo waliokatika kano hii waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi. Fungu la pili lilianza na mazoezi peke yake, na ruhusa ya kupasuliwa baadaye ikiwa goti bado halina imara. Habari yao ilitolewa mwaka 2010: baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti kubwa katika hali zao. Hata baada ya miaka 5, karibu nusu ya wale wa fungu la pili walikuwa hawajahitaji kisu. Basi mtu wa kutembea, kulima na kufundisha darasani yamkini ataishi vema kwa mazoezi tu. Bali mtu ambaye goti lake humwachia tena na tena, kama wewe, au ambaye meniski yake nayo imechanika na kukwama, yampasa kuonana na mganga mpasuaji bila kuchelewa. Kwa maana kila anguko jipya husaga gegedu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kifundo, unyayo na kisigino

Wenzako uwanjani huumia pia chini ya goti, nasi tusiwasahau. Kifundo cha mguu kikipinduka kuelekea ndani, kano za upande wa nje huchanika. Karibu zote hupona bila kisu, mtu akipumzika siku chache kisha akaanza kutembea na kujizoeza kusimama kwa mguu mmoja. Tutajuaje kama mfupa umevunjika? Waganga wa Ottawa, katika Kanada, walitoa mwaka 1992 kanuni ambazo hata mwalimu aweza kuzikumbuka: kama mtu hawezi kupiga hatua 4, au akiumia sana unapobonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, nyuma au kwenye ncha yake, apigwe picha. Kifundo kikiendelea kupinduka kwa miezi mingi ijapokuwa mtu amefanya mazoezi, mganga aweza kuzifupisha na kuzishona upya kano zile zile, kama alivyoeleza mganga Broström wa Sweden mwaka 1966.

Upande wa nje wa unyayo, nyuma ya kidole kidogo, uko mfupa mrefu ambao una mahali pasipo na damu nyingi. Mganga Robert Jones alieleza mvunjiko wa mfupa huo mwaka 1902, naye aliujua vema, kwa maana aliuvunja wa kwake mwenyewe akicheza dansi. Mvunjiko huo hupona polepole sana; kwa wachezaji, mganga mara nyingi hupitisha skurubu moja ndani ya mfupa.

Kisha iko kano nene ya kisigino. Ikikatika, mtu hudhani amepigwa teke nyuma, akageuka asione mtu. Mgonjwa akilala kifudifudi, bonyeza nyama ya shavu la mguu: unyayo wa mguu mzima utasogea, wa mguu uliokatika kano hautasogea. Kano hiyo yaweza kushonwa, au mguu waweza kufungwa katika kiatu maalumu, kidole kikielekea chini, ili ncha zishikane zenyewe. Huko Norway watu zaidi ya 500 walilinganishwa, na habari ikatolewa mwaka 2022. Baada ya miezi 12, walioshonwa na wasioshonwa walikuwa na hali moja. Kano ilikatika tena kwa watu kama 6 katika 100 wa wasioshonwa, na kwa pungufu ya 1 katika 100 wa walioshonwa. Lakini walioshonwa waliumia mishipa ya fahamu mara nyingi zaidi. Unaona, kila njia ina faida yake na hatari yake.

Maswali ya wazazi

Ninyi wazazi, kabla ya kuuza shamba au ng'ombe ili kulipa upasuaji, mnayo haki ya kumwuliza mganga kwa heshima:

1. Ni kitu gani hasa kilichochanika, nawe umejuaje?
2. Tukianza na mazoezi bila kisu, mtoto atapata hasara gani?
3. Umefanya kazi hii mara nyingi? Nani atamfundisha mazoezi baadaye, na kwa muda gani?
4. Fedha tulizotajiwa ni za kisu tu, au pamoja na dawa, magongo na safari za miezi inayofuata?

Mganga mwema hachukizwi na maswali hayo. Nanyi msimfiche lolote. Mwambieni kama mtoto ana homa au kidonda, kama amewahi kupata shida na dawa ya usingizi, na hasa kama katika jamaa kuna ugonjwa wa damu uitwao drepanositozi, kwa maana mgonjwa huyo huhitaji uangalizi wa pekee wakati wa usingizi na anapofungwa mguu ili damu isimwagike. Na baada ya upasuaji, homa, usaha, shavu la mguu kuvimba na kuuma, au pumzi kubana, ni sababu za kurudi hospitali mara moja, hata usiku.

Mgonjwa wa Loyola

Mapadri wa zamani hawakuuchukia mpira. Mwaka 1939, huko Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, Wabenedikto waliwaanzishia wanafunzi timu iliyoitwa Saint-Georges, na timu hiyo ndiyo inayojulikana leo kama TP Mazembe. Mchezo ni mwema. Lakini pamoja na mchezo twawafundisha vijana kungoja, na kwa fundisho hilo hakuna mwalimu anayepita Mtakatifu Inyasi wa Loyola.

Mwaka 1521, katika vita vya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Mifupa iliungwa vibaya, ikabidi ivunjwe tena. Ilipopona, mfupa ulitokeza chini ya goti. Inyasi alikuwa kijana wa fahari, akitaka kuvaa kiatu kirefu kizuri; akaomba mfupa ule ukatwe. Wakati huo dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana. Waganga wa Boston waliionyesha mbele ya watu mwaka 1846 tu. Alikatwa akiwa macho. Na pamoja na maumivu yote hayo alichechemea hata kufa.

Lakini tazama lililotukia. Alipolazwa miezi mingi, aliomba vitabu vya mashujaa wa vita ajifurahishe. Nyumbani havikuwapo. Akapewa maisha ya Yesu na maisha ya watakatifu, akasoma kwa kukosa kingine. Na katika kitanda kile Mungu akamgeuza moyo. Kisu hakikumpa mguu mzuri alioutaka kwa fahari. Kungoja kulimpa kitu ambacho hakukiomba.

Basi, mwanangu, majibu yako ni haya. Mama yako anakupenda. Msaidie kuelewa kwamba goti lisivutwe, na umwombe akusindikize hospitali. Kapteni wako umwambie wazi kwamba mwaka huu huchezi. Mashindano huja kila mwaka, bali goti hulipewi la pili. Kwa kungoja, mpe kazi nyingine: waweza kuhesabu mabao, kuwafundisha wadogo, kubeba maji. Shauri la mjomba ni jema, lakini nusu yake tu. Nenda upimwe. Mganga akisema mazoezi yatosha, yafanye kila siku kama unavyosali sala ya asubuhi. Akisema kisu kinahitajika, kikubali bila hofu, nawe ujue kwamba siku ya kisu yeye hufanya kazi yake kwa saa mbili, na wewe utafanya kazi yako kwa miezi 9. Hakuna atakayekushangilia katika kazi hiyo. Mungu atakuona.

Na usiache masomo. Goti moja limelala, kichwa hakikulala.

Mtakatifu Inyasi, aliyechechemea, akuombee. Tutaonana juma lijalo.